Kisiwa Huanzia Gatini

(Hotuba iliyotolewa Munyonyo, Kampala, mbele ya walimu na wapenzi wa Kiswahili)

Mwenyekiti, wazee wangu, walimu wenzangu, akina mama wa mwaloni mliofunika samaki wenu mapema ili muwahi hapa, na nyinyi vijana mliosimama kule mlangoni kana kwamba mna safari: asanteni kwa kunialika. Barua yenu ilisema nizungumzie utalii wa visiwa. Mada hiyo ni pana mno kwa jioni moja, na wasemaji wa utalii tunao tele. Mimi nitawasimulia kisiwa kimoja nilichokitembelea katika bandari ya New York, kisha nitahamia kingine ambacho kila mtu humu ndani akishuka hadi majini anakiona. Nacho ni Bulingugwe, katika Ziwa Nalubaale, yaani Victoria.

Nianze na ubishi. Tukisikia "bustani ya umma", akili hukimbilia maua, mabenchi, na kibao chenye jina la mheshimiwa aliyekata utepe. Kwa kisiwa, hayo huja mwisho kabisa. Kisiwa huwa cha umma, au hakiwi, katika mahali pawili ambapo hata si kisiwani. Pa kwanza ni gatini, pale mtu anapoulizwa nauli. Pa pili ni ofisi ya ardhi, pale hati ilipohifadhiwa. Ukishinda pale pawili, hata kichaka kitupu ni bustani. Ukishindwa, panda waridi upendavyo, umewapandia wenye boti zao.

Kisiwa chenyewe kinaitwa Governors Island. Kiko mita zipatazo 730 kutoka ncha ya kusini ya Manhattan, na upande wa pili mkondo mwembamba unakitenga na Brooklyn. Wenyeji wa kale, Walenape, walikiita Pagganck, kwa sababu ya miti yake ya kokwa. Waholanzi wa kwanza walishukia hapo mwaka 1624. Mwaka 1637 mkuu wao, Wouter van Twiller, akajinunulia kisiwa kizima, na inasimuliwa kwamba bei ilikuwa vichwa viwili vya mashoka, ushanga, na misumari ya kujaza kiganja kimoja. Waingereza wakaja 1664, na 1698 wakakitenga kiwe kwa manufaa ya magavana wa mfalme. Hapo ndipo jina lilipotokea. Sisi ambao ardhi yetu iligawanywa kwa maili za mraba katika mkataba wa 1900, na ambao magavana walijichagulia Entebbe iliyo na upepo mzuri wa ziwa, hatuhitaji kufafanuliwa sana biashara ya namna hiyo.

Halafu wakaja askari, wakakaa karibu miaka mia mbili. Ngome ya Fort Jay ilianza kujengwa miaka ya 1790. Castle Williams, ngome ya mviringo ya mawe mekundu, ilijengwa kati ya 1807 na 1811, kuta zake mahali pengine zina unene unaozidi mita mbili. Ilijengwa kuwatisha Waingereza wasiingie bandarini, na hawakuingia. Mizinga haikupata adui wa kumpiga. Basi jengo likatafutiwa kazi nyingine: wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, walifungwa humo wafungwa wa majimbo ya Kusini, na baadaye likawa jela ya jeshi kwa miaka mingi. Nimeingia humo. Ukisimama katikati ya ua, ukazungushia macho zile ghorofa za matundu ya mizinga, unaelewa mara moja kwa nini ilikuwa rahisi kuigeuza jela. Jengo lililobuniwa kumzuia mtu asiingie linafaa vilevile kumzuia asitoke.

Zaidi ya nusu ya kisiwa hicho si kazi ya Mungu. Mwanzoni mwa karne iliyopita, New York ilipokuwa ikichimba reli ya chini ya ardhi ya Lexington Avenue, udongo na mawe vilihitaji pa kutupwa. Vikatupwa majini upande wa kusini wa kisiwa, eka zipatazo 103 zikaongezeka juu ya 69 zilizokuwapo. Hivyo leo ni eka 172. Ndiyo maana upande wa kaskazini una miti mikubwa na nyumba za maofisa zenye varanda, na upande wa kusini ulikuwa tambarare tupu, kama uwanja ambao mtu amesahau kuweka magoli.

Jeshi liliondoka katikati ya miaka ya 1960, wakarithi Walinzi wa Pwani, na kwa miaka thelathini kikawa kambi yao kubwa kuliko zote, kukiwa na shule, kanisa na sinema. Desemba 1988 Reagan na Gorbachev walikula chakula cha mchana hapo. Julai 1993 ulisainiwa hapo mkataba uliokusudiwa kumrudisha Rais Aristide nchini Haiti. Lakini mtu wa kawaida wa New York, anayekiona kisiwa hicho kila asubuhi akienda kazini, hakuwa na ruhusa ya kukanyaga.

Hapa niseme jambo kidogo pembeni. Sisi tunaozungumza Kiswahili Uganda tunajua maana ya kitu cha jeshi kugeuka cha watu wote. Wako wazee humu ambao waliposikia Kiswahili barabarani, enzi zile kilipokuwa lugha ya askari, walizima taa na kufunga mlango. Mwaka 2005 katiba ikakifanya lugha rasmi ya pili. Mwaka 2022 baraza la mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Haikutosha kubadilisha karatasi. Inabidi mtoto akitumie kununua embe ndipo hofu imtoke bibi yake. Visiwa vya askari navyo ni vivyo hivyo, inabidi watu waende na watoto na vyakula vyao.

Turudi bandarini. Mwaka 1995 Walinzi wa Pwani walitangaza kwamba wangeondoka. Inajulikana kwamba mwaka huohuo Rais Bill Clinton, akiwa ndani ya helikopta juu ya bandari pamoja na Seneta Daniel Patrick Moynihan, alisema jiji na jimbo wangeweza kukipata kisiwa kwa dola moja iwapo wangekitumia kwa faida ya umma. Maneno matamu, lakini ya angani. Mwaka 1997 Bunge lao likapitisha sheria kwamba kisiwa kiuzwe kwa bei ya soko. Fikirieni wenyewe: eka 172 mbele ya majumba ya mabenki ya Manhattan, kwa bei ya soko. Mnunuzi angekuwa nani? Si mwalimu, wala si muuza magazeti.

Kilichokiokoa ni watu wasiochoka kuandika barua na kuhudhuria mikutano isiyo na chai. Vyama vya wakazi, wapenzi wa majengo ya kale na wapenzi wa bandari walipiga kelele miaka yote hiyo. Januari 2001, siku moja kabla ya kutoka madarakani, Clinton alitangaza ngome zile mbili kuwa kumbukumbu ya taifa. Mwisho wa Januari 2003 mpango ukakamilika: eka 22 zenye ngome zikaenda kwa idara ya hifadhi za taifa, na 150 zilizobaki zikakabidhiwa jiji na jimbo. Bei? Dola moja.

Sasa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu wageni wengi wanaoshuka pale hawaambiwi hili. Hati ya makabidhiano iliandikwa makatazo. Kisiwa hakitakuwa na makazi ya kudumu ya watu binafsi. Hakitakuwa na kasino. Sehemu ya ardhi lazima ibaki bustani, na sehemu nyingine itumike kwa elimu na shughuli za umma. Makatazo hayo yaliandikwa kabla hata benchi moja halijawekwa, wakati bado hakuna aliyekuwa na fedha za kujenga lolote. Naona hapo ndipo palipokuwa na akili. Wakati mahali hapana thamani machoni pa wafanyabiashara, ni rahisi kuwakataza. Ngoja papendeze uone.

Mimi nilikwenda majira ya joto, nikiongozwa na binti yangu anayefanya kazi huko. Feri hutoka kwenye jengo la kale la chuma lililo ukingoni mwa Manhattan, na safari haifiki dakika kumi. Nauli ni dola chache. Lakini Jumamosi na Jumapili, feri za kabla ya saa tano asubuhi hazitozi kitu. Watoto wa miaka 12 kushuka chini hawalipi siku yoyote. Wakazi wa nyumba za jiji za watu wa kipato cha chini hawalipi. Wazee wa miaka 65 na zaidi hawalipi, na mimi niliingia bure nikiwa nimenyoosha kifua kama mkuu wa wilaya.

Nilitazama foleni ile kwa makini kuliko nilivyotazama ngome. Kulikuwa na bibi Mchina na kigari cha sokoni kilichojaa masufuria. Kulikuwa na familia ya Kiafrika Magharibi, watu kumi au zaidi, na mto wa mtoto kulalia. Vijana na baiskeli zao. Watu wamebeba vyakula vyao, na hakuna mlinzi aliyefungua mfuko wa mtu kumwambia "chakula cha nje hakiruhusiwi". Hapa kwetu hilo neno tunalijua. Mara ngapi mmekatazwa getini na chupa ya maji, ili mkanunue ndani kwa bei mara tatu?

Kisiwani hakuna magari ya watu binafsi. Usidhani ni jambo dogo. Mtoto wa mjini anapoachiwa mkono akakimbia, na mama asipige yowe, hapo ndipo mama naye anapumzika. Kuna baiskeli za kukodi, kuna vyoo visivyolipiwa, kuna machela za wavu zimefungwa katikati ya miti michanga, na mtu mzima mwenye tai analala humo mdomo wazi. Wakati mmoja wa mwaka wanaletwa kondoo wachache kula magugu ili dawa zisitumike. Wenzangu walikuwa wakiwapiga picha wale kondoo. Mimi nimetoka kijiji chenye kondoo, nikaendelea na njia yangu.

Kule kusini, kwenye uwanja ule wa udongo wa reli, wamejenga vilima vinne, vilivyofunguliwa Julai 2016. Walibomoa majengo ya kambi yasiyo na thamani ya historia, na kifusi chake kikawa sehemu ya vilima hivyo. Mawe ya ukuta wa zamani wa bahari yakapangwa ubavuni mwa kilima kirefu, watoto wanayaparamia hadi juu, mita 21 hivi, ambako Sanamu ya Uhuru unaitazama ana kwa ana. Kilima kingine kina mteremko wa kuserereka wenye urefu wa mita 17. Sikuserereka. Nilishika viatu vya wajukuu.

Vilima hivyo havikujengwa kwa ajili ya mandhari peke yake. Wabunifu wake walikuwa Waholanzi, watu ambao sehemu ya nchi yao iko chini ya usawa wa bahari, na tangu mwanzo walisisitiza ardhi iinuliwe. Oktoba 2012 tufani Sandy ilipoifurikisha New York, ile kazi ya kuinua udongo ilikuwa imekwisha kuanza, na miti ilipandwa juu, mbali na maji ya chumvi. Hapa ziwani sisi tulipata somo letu Mei 2020, maji yalipofika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, kupita hata rekodi ya 1964. Fukwe zilikwenda, vibanda vya mialoni vilikwenda, hoteli zikabaki na viti vinavyoelea. Sheria yetu inataka mita 200 kutoka ukingo wa Ziwa Nalubaale zisijengwe. Ziwa lenyewe limejipimia zile mita, bila afisa wa mazingira.

Kuna jambo jingine ambalo sitaki kulipita haraka. Kisiwani pale pana shule ya sekondari ya serikali, ilihamia 2010, ambako watoto hujifunza uzamiaji, kuendesha boti, na ufugaji wa viumbe wa majini. Kutokana nayo ulizaliwa mpango wa kurudisha chaza bilioni moja katika bandari. Migahawa ya jiji inatoa makombe yaliyobaki mezani, yanasafishwa, vifaranga vya chaza vinashikizwa juu yake, kisha vinarudishwa majini. Chaza mmoja mkubwa anaweza kuchuja lita karibu 190 za maji kwa siku. Mtoto anayemlea chaza anajua takataka za mtaani kwao zinaishia wapi.

Basi tazameni hali yetu. Mfereji wa Nakivubo unabeba uchafu wa Kampala hadi Ghuba ya Murchison. Mitambo ya Ggaba, hapo jirani tu, inavuta maji kutoka ghuba hiyohiyo, tunakunywa. Katikati yake kuna kinamasi cha mafunjo, ambacho kwa miaka mingi kimetuchujia bila mshahara, nasi tunakikata tupande magimbi na tujaze udongo tujenge maghala. Chaza hawaishi katika maji matamu, lakini mafunjo yanaota. Watoto wetu wa Munyonyo na Ggaba wanahitaji mahali pa kujifunzia hilo kwa mikono, wakiwa majini. Mahali hapo tunapo.

Kabla sijafika huko, nisije nikaonekana nimeleta sifa tupu. Governors Island nako kuna mambo hayakunipendeza. Upande mmoja kuna mahema ya kifahari ya kulala usiku, bei yake ungelipia karo. Kuna bafu za mvuke za starehe, zimefunguliwa ndani ya majengo ya zamani ya jeshi, na viingilio vyake si vya yule bibi mwenye kigari. Wasimamizi husema kodi za biashara hizo hutunza nyasi. Huenda. Mwaka 2021 baraza la jiji lilipitisha mabadiliko yanayoruhusu majengo makubwa upande wa kusini, baada ya mabishano makali na wanaopenda kisiwa kibaki wazi. Miaka mingi baada ya ile dola moja, bado wanagombana. Lakini makatazo ya hati yapo, na mgomvi wa upande wa umma ana mahali pa kuweka kidole.

Sasa, Bulingugwe.

Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, aliponyang'anywa kiti mwaka 1888, alikimbilia kusini ya ziwa. Aliporudi 1889 kupigania ufalme, alipiga kambi Bulingugwe, kwa sababu mwenye kisiwa hicho na mitumbwi alishika ziwa, na aliyeko nchi kavu alibaki kumtazama. Baada ya vita vya Mengo, kati ya Wakatoliki na Waprotestanti wa Buganda, Januari 1892, alikimbilia hapo tena pamoja na wafuasi wa Kikatoliki, na Askofu Hirth alikuwa pamoja nao. Tarehe 30 Januari, Kapteni Lugard, mkuu wa kampuni ya Waingereza hapa, akamtuma msaidizi wake na bunduki ya Maksim. Watu walikimbilia mitumbwi, mitumbwi ikajaa, wengi wakazama. Kabaka aliponea chupuchupu. Msaidizi yule aliitwa Kapteni Williams. Si yule wa Castle Williams, majina yamegongana tu, lakini nilipokuwa ndani ya ngome ile nililisoma jina ukutani nikasisimka nywele.

Ni wangapi kati ya wanafunzi wetu wanaojua habari hiyo? Wanafundishwa vita vya Mengo darasani, ubaoni, na tarehe zake. Mahali vita vile vilipoishia pako mbele yao, majini, na hakuna feri ya umma inayowapeleka.

Mtaniambia nchi yetu ni maskini, feri ya bure ni ndoto. Kivuko cha Bukakata hadi Luuku, kinachowapeleka watu Kalangala, hakitozi nauli. Mtu anavuka na pikipiki yake, na ndizi zake, bure, kwa sababu serikali inakihesabu kuwa kipande cha barabara. Hatujasikia nchi imefilisika kwa sababu ya Bukakata. Basi kipande kifupi cha maji kati ya hapa na Bulingugwe, siku za Jumamosi na Jumapili tu, kinashindikana nini?

Na mtaniambia maji yanaua. Ni kweli. Novemba 2018 boti ya starehe MV Templar ilizama upande wa Mukono, wakafa zaidi ya watu 30, wengi vijana waliotoka kucheza muziki. Ilikuwa imebeba watu kupita kiasi. Ndiyo sababu nasema feri, si boti za starehe. Tukiacha kuvuka kuwe biashara ya kila mwenye injini, wenye pesa watavuka kwa boti nzuri, na maskini watavuka kwa ile inayovuja. Feri ya umma ina idadi yake, ina jaketi la kujiokolea kwa kila abiria, na nahodha ambaye mshahara wake hauongezeki akijaza watu.

Wako watu wanaoishi na kuvua visiwani. Sisemi waondolewe. Tumekwisha kuona watu wakihamishwa visiwani kwa amri: malale ilipoenea mwanzoni mwa karne iliyopita, Gavana Hesketh Bell aliwatoa watu pwani na visiwani, hata visiwa vya Ssese vikabaki vitupu, na waliorudi baada ya miaka wakakuta nchi ngeni. Kisiwa cha umma kisichokuwa na wavuvi wake si cha umma wa hapa. Wao ndio wawe manahodha, wao wauze samaki wa kukaanga, wao wawaonyeshe wageni njia.

Katiba yetu, ibara ya 237, inasema maziwa, mito na vinamasi serikali inavishika kwa dhamana ya watu wote. Ardhi ya kisiwa ni habari nyingine, ina hati zake, na mwenye hati awe ufalme, wilaya au familia, ninachoomba ni kilekile. Hati iandikwe mambo matatu mapema, sasa, kabla barabara na hoteli hazijazidi kupandisha bei za ukingo huu. Kwamba ukanda wote wa pwani ya kisiwa uko wazi kwa miguu ya mtu yeyote. Kwamba hakutakuwa na nyumba mpya za kupangisha wala kasino. Kwamba mtoto wa shule havushwi kwa nauli.

Naona wazee wawili wa safu ya mbele wamekuwa wakitikisa vichwa tangu nilipotaja kasino, na mmoja amekwisha kuvaa miwani. Mwenyekiti, tafadhali wapewe kipaza sauti wao kwanza.